Maji ya Kiwanda Ambacho Hakijaja: Miamba ya Mafuta na Mito ya Colorado

Katika bonde la Piceance, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Colorado nchini Marekani, na katika mabonde jirani yaliyoko Utah na Wyoming, umelala mwamba wa rangi ya kijivu na kahawia ambao wanajiolojia wa serikali ya nchi hiyo, katika tathmini walizotoa kati ya 2009 na 2011, walikadiria kuwa una mafuta yanayozidi mapipa trilioni 4, kiasi kinachozidi mara mbili ya akiba zote za mafuta ghafi zilizothibitishwa duniani. Hata hivyo, tangu kiwanda cha mwisho cha kibiashara cha Colorado kilipofungwa mwaka 1991, utajiri huo umebaki kuwa utajiri wa vitabuni. Sababu zinazotajwa mara nyingi ni bei ya mafuta na uchanga wa teknolojia, na zote mbili ni za kweli, lakini ipo ya tatu ambayo wahandisi wa maji wameibeba kwa muda mrefu kuliko wahandisi wa mafuta, nayo ni kwamba mwamba huo uko katika nchi kame, kwenye vijito vya mto ambao maji yake yalikwisha kugawanywa kabla kiwanda hakijajengwa. Kwa kawaida suala hili huwekwa kwa namna ya hesabu: kiwanda kitahitaji maji kiasi gani? Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini ugumu wenyewe uko mahali pengine, katika namna ya kutenga maji kwa ajili ya mtumiaji ambaye kwa zaidi ya miaka 100 amekuwa akitangaza kuwa yu njiani na hafiki.

Mwamba wa mafuta, kwa maana inayokusudiwa hapa, haupaswi kuchanganywa na mafuta yanayochimbwa North Dakota na Texas kwa kupasua miamba migumu kwa maji yenye shinikizo kubwa. Kule mafuta yamekwisha kuiva na yanasubiri tu kufunguliwa njia, ilhali yaliyomo katika miamba ya Piceance ni kerojeni, yaani masalia ya mwani na viumbe wengine wadogo yaliyotuama chini ya maziwa makubwa takriban miaka milioni 50 iliyopita, ambayo hayakuwahi kufukiwa kwa kina wala kupata joto la kutosha kugeuka kuwa mafuta. Anayetaka kuyatumia hulazimika kuimaliza kazi ambayo ardhi haikuimaliza, na njia za kufanya hivyo ni mbili. Ya kwanza ni kuuchimba mwamba, kuusaga na kuupika katika tanuri lenye joto linalokaribia nyuzi 500 za Selsiasi, hadi kerojeni ivunjike na kutoa mvuke wa mafuta. Ya pili, ambayo kampuni ya Shell iliijaribu kwa miaka mingi huko Piceance, ni kuupasha moto mwamba ukiwa palepale ardhini, kwa vipasha joto vya umeme vilivyozamishwa ndani ya visima, kwa muda wa miaka kadhaa, kisha kuyavuta mafuta na gesi yatokanayo kama yanavyovutwa katika kisima cha kawaida.

Katika njia zote mbili kinachoigeuza kerojeni ni joto, wala si maji, na hilo ndilo linaloyafanya makadirio ya matumizi ya maji yayumbe. Maji huingia kwa milango ya pembeni, na kila mlango unaweza kupanuliwa au kubanwa kulingana na jinsi mradi ulivyobuniwa. Mabaki ya mwamba uliopikwa tanurini huwa na ujazo mkubwa kuliko mwamba uliochimbwa, kwa hiyo hayaenei yote katika shimo lilikotoka. Hurundikwa mabondeni, humwagiwa maji ili yashikamane na vumbi litulie, na baadaye humwagiliwa kwa miaka ili majani yaote juu yake. Mafuta yanayotoka ni mazito na yana nitrojeni nyingi, kwa hiyo lazima yaongezewe hidrojeni kabla hayajapokelewa na viwanda vya kusafishia mafuta, na hidrojeni hiyo hutengenezwa kwa mvuke wa maji na gesi asilia. Umeme unaopasha visima hutoka katika mitambo ambayo mara nyingi hupoozwa kwa maji. Uchimbaji wa ardhini una mlango wake wa mwisho, ambao wapangaji wa mwanzo waliusahau: baada ya mafuta kutolewa, mwamba uliopikwa hubaki na kemikali ambazo zisipoondolewa zitaingia katika maji ya chini ya ardhi, na njia ya kuziondoa ni kupitisha maji humo tena na tena na kuyasafisha kila yatokapo. Juu ya yote hayo kuna maelfu ya wafanyakazi na familia zao, wenye kuhitaji maji ya nyumbani, ya shule na ya hospitali katika wilaya ambazo leo zina watu wachache.

Ofisi ya Tathmini ya Teknolojia ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 1980 kuwa pipa moja la mafuta ya namna hii lingetumia kati ya mapipa 2.1 na 5.2 ya maji. Miaka 30 baadaye, mwezi Oktoba 2010, Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ambayo hulikagulia Bunge hilo matumizi na mipango ya serikali, ilikusanya makadirio yaliyokuwapo na kukuta kuwa kwa uchimbaji wa juu na tanuri matumizi ni kati ya mapipa 2 na 4, wastani wake ukiwa 3, na kwa njia ya kupasha joto ardhini ni kati ya pipa 1 na mapipa 12, wastani ukiwa 5. Kwa kawaida utafiti wa miaka 30 huyaleta makadirio karibu na ukweli mmoja, lakini hapa, kwa teknolojia iliyotazamiwa kuwa ya baadaye, pengo lilipanuka. Tofauti kati ya 1 na 12 haionyeshi uzembe wa wakadiriaji. Inaonyesha kuwa kinachokadiriwa hakijawahi kujengwa.

Ukubwa wa pengo hilo huonekana vizuri zaidi linapowekwa kando ya mto. Pipa ni lita 159, hivyo kiwanda, au mkusanyiko wa viwanda, chenye kutoa mapipa milioni 1 kwa siku kingetumia mita za ujazo milioni 58 kwa mwaka kama kila pipa lingehitaji pipa moja la maji, milioni 290 kama lingehitaji 5, na karibu milioni 700 kama lingehitaji 12. Mto White, ambao ndio ulio karibu zaidi na sehemu tajiri za Piceance, hupitisha katika mji wa Meeker maji yanayozidi kidogo tu nusu bilioni ya mita za ujazo katika mwaka wa wastani. Kwa kipimo cha chini kiwanda kingechukua sehemu moja ya kumi ya mto. Kwa kipimo cha juu kingeumeza mto wote na bado kikatafuta mwingine.

Zaidi ya hayo, wastani wa mwaka ni kipimo kinachodanganya katika nchi ya theluji. Sehemu kubwa ya maji ya White, kama ya vijito vyote vya juu vya Mto Colorado, hushuka kati ya Aprili na Julai theluji ya milimani inapoyeyuka, na kuanzia Agosti mto hupungua na kubaki na maji machache hadi majira ya machipuko yanayofuata. Mkulima wa nyasi za mifugo amezoea mzunguko huo, na katika mwaka mbaya huacha mavuno ya pili na kuuza baadhi ya ng'ombe. Kiwanda hakina uvumilivu wa aina hiyo, kwa sababu tanuri lililozimwa ghafla huharibika, na mwamba ambao umepashwa moto kwa miaka miwili hauwezi kuachwa upoe kwa ajili ya ukame wa mwaka mmoja bila gharama yote kupotea. Kwa hiyo, tofauti na kilimo, kiwanda hudai maji ya uhakika, nayo hupatikana kwa njia mbili tu, ambazo ni bwawa la kuhifadhia au haki inayowatangulia watu wengine.

Neno haki hapa lina maana ya kisheria ambayo msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea mfumo wa kibali cha matumizi ya maji kinachotolewa na bodi ya bonde, anaweza kuiona ya kigeni. Katika Colorado maji hayafuati umiliki wa ardhi inayopakana na mto. Katiba ya jimbo ya 1876 na hukumu za mahakama zilizofuata ziliweka kanuni kwamba aliyetangulia kuyachukua maji na kuyatumia kwa faida ndiye mwenye haki ya kwanza, na kila haki hubeba tarehe yake. Mto unapopungua, upungufu haugawanywi kwa wote. Mwenye tarehe ya zamani hutoa mwito, na maofisa wa maji hufunga mifereji ya wenye tarehe za karibuni, mmoja baada ya mwingine, hadi yeye atimiziwe kiasi chake chote. Katika mfumo huo tarehe ni mali, pengine yenye thamani kuliko kiasi chenyewe, maana haki kubwa yenye tarehe mpya inaweza kuwa karatasi tupu katika mwaka ambao maji yanahitajika zaidi.

Tatizo la mradi mkubwa ni kwamba hauwezi kuyatumia maji kabla haujajengwa, na usipoyatumia hauna tarehe. Sheria ilitatua hilo kwa kubuni haki yenye masharti: mwombaji huonyesha mpango wake, hupewa tarehe, na tarehe hiyo hulindwa mradi unapoendelea, kwa sharti kwamba kila baada ya miaka 6 arudi mahakamani kuthibitisha kuwa anaendelea na juhudi za dhati za kuukamilisha. Maji yanapoanza kutumika, haki hiyo hugeuka kuwa kamili na kuhesabiwa tangu tarehe ya mwanzo. Kwa bwawa la mji au mfereji wa mashamba huu ni utaratibu wa busara. Kampuni za mafuta ziliona ndani yake jambo kubwa zaidi, na tangu katikati ya karne ya 20 zilijaza madaftari ya mahakama za maji kwa haki za namna hiyo katika White, katika Mto Colorado wenyewe na katika vijito vya Parachute na Roan.

Haki hizo zingepaswa kufa pale miradi ilipokufa, lakini sheria ya jimbo inasema kuwa hali ya uchumi iliyo nje ya uwezo wa mwombaji, inayoufanya mradi usiweze kutekelezeka kwa sasa, si sababu ya kutosha ya kumnyima uthibitisho wa juhudi ikiwa kuna mambo mengine yanayoonyesha kuwa juhudi ipo. Mahakama Kuu ya Colorado iliutumia msimamo huo mwaka 1999 katika shauri lililohusu haki za kampuni ya Chevron za mwamba wa mafuta, na kampuni ikabaki na haki zake. Kwa mantiki ya sheria uamuzi huo unaeleweka, kwa sababu bei ya mafuta hupanda na kushuka na si haki kumnyang'anya mtu mali yake kwa ajili ya soko. Kwa mantiki ya mipango matokeo yake ni mazito: tarehe ya 1955 inaweza kubaki hai bila tone moja kupita katika bomba lake, na kila mji, kila mkulima na kila mradi wa umeme uliopata haki baada ya 1955 unaishi chini ya kivuli cha mtumiaji ambaye hayupo. Leo mwenye haki ya baadaye anayatumia maji yale kwa sababu yanapita mtoni. Kiwanda kikija, atagundua kuwa alikuwa akiyatumia kwa ruhusa ya ucheleweshaji wa mwenzake.

Kampuni hizo hazikutosheka na haki za karatasini, na pamoja nazo zilinunua mashamba ya mifugo yenye mifereji ya zamani, mingine ikiwa na haki za karne ya 19, kisha zikawakodishia wafugaji wale wale waendelee kumwagilia nyasi hadi siku ambayo maji yatatakiwa kwingine. Kwa macho ya mpita njia hakuna kilichobadilika, nyasi ni zile zile na ng'ombe ni wale wale, lakini uamuzi wa kuendelea kulima au kuacha umehama kutoka katika wilaya na kwenda katika ofisi za mbali. Maana ya ununuzi huu haieleweki bila kuutazama mkataba wa 1922.

Mwaka huo majimbo 7 yanayotumia Mto Colorado yalikubaliana kuugawa katika sehemu mbili. Bonde la juu, ambalo ni Colorado, Utah, Wyoming na New Mexico, na bonde la chini, lenye California, Arizona na Nevada, kila moja lilitengewa ekari-futi milioni 7.5 kwa mwaka. Ekari-futi ni kipimo cha wahandisi wa Marekani, nacho ni maji yanayoweza kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, sawa na mita za ujazo 1,233 hivi, kwa hiyo kila upande ulipata takriban mita za ujazo bilioni 9.25. Mwaka 1944 Mexico nayo iliahidiwa ekari-futi milioni 1.5 kwa mkataba wa kimataifa. Mgawo ulionekana sawa, lakini ndani yake mlikuwa na sharti moja linalouvunja usawa huo, yaani kwamba majimbo ya juu hayatasababisha maji yanayopita Lee Ferry, mpakani mwa mabonde hayo mawili, kupungua chini ya ekari-futi milioni 75 katika miaka 10 yoyote mfululizo. Bonde la chini lilipewa kiasi. Bonde la juu lilipewa kitakachobaki. Ndiyo maana majimbo ya juu yalipogawana sehemu yao mwaka 1948 yaliepuka kutaja kiasi na kutumia asilimia, Colorado ikipata asilimia 51.75.

Waliotia saini 1922 waliamini kuwa mto hupitisha zaidi ya ekari-futi milioni 16 kwa mwaka, kwa sababu vipimo walivyokuwa navyo vilitoka katika miaka ya mvua nyingi kuliko kawaida. Karne nzima iliyofuata ilitoa wastani mdogo zaidi, na tangu 2000 hali imekuwa mbaya kiasi kwamba watafiti Bradley Udall na Jonathan Overpeck walionyesha mwaka 2017 kuwa maji ya miaka ya 2000 hadi 2014 yalikuwa pungufu kwa asilimia 19 kulinganisha na wastani wa 1906 hadi 1999, na kwamba sehemu ya upungufu huo ilisababishwa na joto lenyewe, kwa kuwa hewa yenye joto hunywa maji ya udongo na ya theluji kabla hayajafika mtoni. Mwezi Agosti 2021 serikali kuu ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi katika bonde la chini. Kwa mpangaji wa mwamba wa mafuta maana yake ni kwamba kile kitakachobaki, ambacho mahesabu ya miaka ya 1970 yalikiona kikiwa kingi, leo hakuna anayeweza kukitaja bila kuanzisha kesi.

Hapo ndipo mashamba ya zamani yanaporudi. Mkataba wa 1922 ulitamka kuwa haki zilizokuwa kamili wakati huo haziathiriwi nao. Siku ambayo majimbo ya juu yatalazimika kupunguza matumizi ili kutimiza sharti la Lee Ferry, haki za baada ya 1922 ndizo zitakazokatwa, na humo zimo haki za masharti za kampuni zote, hata zile zenye tarehe za kutisha mbele ya majirani zao. Haki ya 1955 inaweza kuushinda mji wa karibu na bado ikashindwa na mkataba. Mfereji wa 1886 uliokuwa ukimwagilia nyasi hauguswi. Kampuni iliyonunua mfereji huo ilinunua bima dhidi ya ukame wa kisiasa, na si vigumu kuona kuwa kiwanda kilichojengwa juu ya maji ya uhakika kingeishia kujengwa juu ya maji ya kilimo, hata kama hakuna mpango wowote wa serikali uliowahi kutamka hivyo.

Historia ya matumaini yenyewe inajulikana na inaweza kupitishwa haraka. Jeshi la wanamaji la Marekani lilitengewa akiba za mwamba huu mwaka 1916. Mwaka 1974, baada ya mgogoro wa mafuta, serikali ilikodisha viwanja vinne vya majaribio katika Colorado na Utah. Mwaka 1980 liliundwa shirika la umma la kugharimia mafuta ya kutengenezwa, na Exxon, iliyotabiri uzalishaji wa mapipa milioni 8 kwa siku, ilizungumzia kuyaleta maji kutoka Mto Missouri, ng'ambo ya safu nzima ya milima, pendekezo ambalo peke yake lingetosha kuwaambia wapangaji kuwa hesabu za maji ya karibu zimekwisha kushindwa. Tarehe 2 Mei 1982 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kuufunga mradi wake wa Colony, na watu zaidi ya 2,000 wakapoteza kazi. Wimbi la mwisho lilianza na sheria ya nishati ya 2005 na likatulia Chevron ilipojiondoa 2012 na Shell 2013. Mji wa Battlement Mesa, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Exxon, ukawa makao ya wastaafu, na mabomba ya maji yaliyotandazwa kwa ajili ya wachimbaji yakawa yananywesha bustani zao.

Katika wimbi hilo la mwisho kulifanyika kazi moja ya upangaji inayostahili kuangaliwa. Mabaraza ya mabonde ya Colorado, Yampa na White, yanayowakutanisha wakulima, miji, wanamazingira na viwanda, yaliagiza utafiti wa mahitaji ya maji ya sekta ya nishati, na makadirio ya awamu ya kwanza kwa mwamba wa mafuta yalipungua kwa zaidi ya nusu katika awamu ya pili. Mwamba haukubadilika, wala mto. Kilichobadilika zaidi ni dhana kuhusu umeme utazalishwa wapi na kwa mitambo ya aina gani, na kuhusu kiasi cha maji yanayotoka katika mwamba na visima kitakachotumiwa tena. Kwa lugha ya kawaida, sehemu kubwa ya maji ya mwamba wa mafuta ni maji ya umeme, na mradi ukihamisha mtambo wa umeme kwenda bonde jingine unahamisha pia kiu yake, ambayo itatokea katika hesabu za watu wengine. Mpango unaohesabu maji ya bonde moja tu unaweza kupendeza kwa kulisahau bonde la pili.

Wingi si kila kitu. Chumvi ya Mto Colorado imekuwa mgogoro wa kimataifa tangu Mexico ilipolalamikia maji yaliyokuwa yakiunguza mazao yake, na makubaliano ya 1973 yaliilazimisha Marekani kudhibiti chumvi hiyo. Kila lita ya maji safi inayochukuliwa juu huacha chumvi ile ile katika maji machache zaidi chini, na marundo ya mabaki ya mwamba huweza kuongeza nyingine. Chini ya Piceance kuna tabaka za maji zilizotenganishwa na ukanda tajiri wa mafuta, za juu zikiwa na maji mazuri na za chini zikiwa na chumvi nyingi, na yeyote anayetoboa au kupika ukanda ule anahatarisha kuziunganisha. Shell ilijaribu kuukinga uwanja wake kwa ukuta wa barafu, yaani kuigandisha ardhi pembezoni kwa mabomba ya kimiminika baridi. Fikra yenye ujasiri, na yenye kula umeme. Katika mito ya Green na Colorado wanaishi samaki wa asili wa aina nne walio hatarini kutoweka, ambao sheria inawatambua na ambao wanahitaji mafuriko ya machipuko yale yale ambayo bwawa la kiwanda lingeyakamata. Upande wa Utah, watu wa kabila la Ute wa hifadhi ya Uintah na Ouray wana madai ya maji yanayotokana na hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1908, ambayo iliamua kuwa haki ya maji ya hifadhi za wenyeji huhesabiwa tangu hifadhi ilipoanzishwa, iwe maji yametumika au hayajatumika. Hifadhi hiyo ina mizizi katika karne ya 19, na hakuna kampuni yenye tarehe ya kushindana nayo.

Nchi nyingine hazitoi kielelezo cha moja kwa moja. Estonia imechoma mwamba wa mafuta kwa umeme kwa miongo mingi, lakini taabu yake ni ya maji kuzidi, kwa kuwa migodi hulazimika kusukuma nje maji mengi kila siku ili isifurike, na visima vya vijiji jirani hushuka. Jordan, nchi kame kuliko Colorado, imejenga mtambo wa Attarat unaopoza mvuke wake kwa hewa, uamuzi unaopunguza ufanisi na kuongeza gharama lakini unaothibitisha kuwa mlango ule wa umeme unaweza kubanwa pale ambapo hakuna njia nyingine. Karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili, orodha za kimataifa zimekuwa zikiutaja mwamba wa aina hii katika eneo la Kisangani, mashariki mwa Kongo, kwa makadirio ya mapipa bilioni 100 yaliyotolewa mwaka 1958. Huko kandokando ya Mto Kongo kikwazo kisingekuwa ukosefu wa maji, na jambo hilo linatosha kuonyesha kuwa hesabu ya mapipa ya maji kwa pipa la mafuta haina maana hadi ielezwe ni mto gani.

Kwa Colorado, mpango wa kweli usingeanza kwa kuuliza kiwanda kitahitaji kiasi gani, kwa sababu swali hilo lina majibu mengi kadiri ya wanaoulizwa. Ungeanza kwa mwaka mkavu unaojulikana, kama 2002 au 2018, ukaonyesha mfereji gani ungefungwa, wa nani, na kwa tarehe ipi, kama pipa la kwanza la mafuta lingetoka mwaka huo. Ungeitaka kila haki yenye masharti iambatanishwe na mradi wenye teknolojia iliyotajwa, mahali pa mtambo wa umeme na njia ya kusafisha mwamba baada ya kazi, na ungeifanya itozwe ada kwa kila kipindi cha miaka 6 inachosubiri, ili gharama ya kusubiri ilipwe na anayesubiri badala ya kubebwa na walio chini ya tarehe yake. Mapendekezo hayo hayatapendwa na wenye haki, na yanaweza kupingwa kuwa yanapunguza thamani ya mali. Lakini Shell yenyewe iliomba mwishoni mwa 2008 haki ya futi za ujazo 375 kwa sekunde, karibu mita za ujazo 10.6, kutoka Mto Yampa, na baada ya upinzani mkubwa na kushuka kwa uchumi ililiondoa ombi hilo mwezi Februari 2010, hatua inayoonyesha kuwa hata kampuni kubwa huachana na haki pale ambapo kuing'ang'ania kunagharimu.

Kinyume cha hali hiyo kinaonekana katika White, ambako wilaya ya maji ya Rio Blanco iliomba kujenga bwawa katika eneo la Wolf Creek kwa ajili ya mji mdogo wa Rangely na mahitaji mengine ya bonde. Wahandisi wa jimbo waliipinga kwa hoja kuwa haikuthibitisha mahitaji na kwamba ilikuwa ikibahatisha, na shauri hilo liliendelea kwa miaka hadi mwezi Januari 2021, pande hizo zilipopatana kwa bwawa la ekari-futi 66,720, dogo kuliko lile lililoombwa na lililoondolewa baadhi ya matumizi yaliyotakiwa. Uchunguzi huo ulikuwa wa haki, na chombo cha umma kinastahili kuulizwa maswali magumu kabla hakijazuia mto. Katika bonde hilo hilo haki za masharti za mwamba wa mafuta zinaendelea kurudi mahakamani kila baada ya miaka 6, zikithibitishwa kwa kiwango cha ushahidi ambacho hakijadai bado kuonyeshwa hata tanuri moja.